UZI: David Copperfield, na aibu ambayo Charles Dickens aliificha karibu maisha yake yote

Habari zenu wanajukwaa.

Kila mtu akiomba humu orodha ya riwaya za zamani za Waingereza, David Copperfield haikosi kutajwa, na hakosi mtu wa kusema "ndefu mno, niliishia katikati". Ndefu ni kweli, ina sura 64. Ila kati ya riwaya zote za Charles Dickens hii ndiyo ninayoipenda, na leo nataka kueleza sababu kwa kirefu. Wengi tumeizoea kama hadithi ya yatima aliyeteseka akaja kufanikiwa. Mimi naisoma kama kitabu cha mtu mzima anayejaribu kuwasamehe wazazi wake. Baba alimsamehe. Kwa mama pakawa pagumu.

Nitataja mambo mpaka ya mwisho wa hadithi, kwa hiyo anayetaka kuisoma kwanza aweke alama hapa arudi baadaye.

Yaliyotokea mwaka 1824

Dickens alizaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Kazi nzuri tu, lakini pesa haikukaa mkononi mwake. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda wageni, mtu wa maneno marefu matamu, na mkopaji. Utoto mzuri wa Charles ulikuwa Chatham, alikosoma shule na kumaliza vitabu vya baba yake. Walipohamia London mambo yakaenda mrama. Vitu vya ndani vikaanza kuwekwa rehani kimoja baada ya kingine, na aliyetumwa kuvipeleka dukani ni huyo huyo mtoto.

Februari 1824 baba akakamatwa kwa deni la mwoka mikate, pauni 40 na ushee, akapelekwa jela ya wadaiwa ya Marshalsea, Southwark. Enzi zile Uingereza mdaiwa alifungwa mpaka alipe au apatane na wanaomdai, na familia yake iliruhusiwa kuishi naye humo ndani. Mama na watoto wadogo wakahamia jela. Charles alibaki nje kwa sababu siku chache kabla ya baba kukamatwa alikuwa ameanza kazi. Umri wake ni miaka 12 ndiyo kwanza imetimia.

Kazi yenyewe ilikuwa Warren's, kiwanda cha dawa ya viatu pale Hungerford Stairs, jumba bovu lililoegemea mto Thames, panya wamelijaa. Anachukua kikopo cha dawa, anakifunika kwa karatasi ya mafuta, juu yake karatasi ya buluu, anazungusha kamba na kufunga, halafu anakata kingo za karatasi pande zote mpaka zikae sawasawa. Vikishakuwa vingi anarudi kubandika lebo. Hivyo siku nzima, kwa shilingi 6 au 7 kwa wiki. Pesa hiyo aliigawa kwenye vifurushi sita vya karatasi, kila kimoja ameandika jina la siku, ili imfikishe Jumamosi. Na kwa maneno yake mwenyewe, haikumfikisha. Asubuhi akipita mbele ya maandazi ya jana yaliyopunguzwa bei, ananunua kwa pesa ya chakula cha mchana.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho kwangu kina uzito kuliko njaa. Siku moja Charles alipatwa na maumivu makali ubavuni. Kijana mwenzake wa kiwandani, Bob Fagin, mkubwa kwake kidogo, akawa anajaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dawa ya viatu na kumkanda nazo nusu ya siku. Jioni Bob akakataa kumwacha aende peke yake, akasema atamsindikiza mpaka kwao. Kwao ni jela! Charles akajaribu kumuaga mara kadhaa, Bob hasikii. Walipovuka daraja la Southwark, mtoto akasimama mbele ya nyumba asiyoijua, akampa Bob mkono, akamwambia amefika, akapanda ngazi kama mwenyeji. Na ili Bob akigeuka aamini, akagonga mlango. Mwanamke alipofungua, Charles akamuuliza kama hapo ndipo anapokaa Bwana Robert Fagin.

Ndiyo, jina hilo baadaye alimpa yule mzee anayefundisha watoto wizi katika Oliver Twist. Aliyemtendea wema ndiye aliyebebeshwa jina la mwovu. Nadhani ni kwa sababu wema wa Bob ulikuwa unamvuta abaki pale pale, awe mtoto wa kiwandani moja kwa moja, na hicho ndicho alichokiogopa kuliko panya.

Kimya cha zaidi ya miaka ishirini

Baba alitoka jela mwezi Mei kwa sheria ya wafilisi. Charles akabaki kazini. Kiwanda kilikuwa kimehamia karibu na Covent Garden, na yeye na Bob kwa kuwa mikono yao ilikuwa myepesi wakawekwa dirishani penye mwanga, wapita njia wanasimama kuwatazama. Siku moja baba yake akaingia pale, na mtoto akajiuliza anawezaje kuvumilia kuona vile. Dada yake, Fanny, alikuwa anasoma kwenye chuo cha muziki. Alipopewa tuzo mbele ya watu, Charles alikuwepo, na machozi yakamtoka. Aliandika kwamba haikuwa wivu.

Mwishowe baba akagombana kwa barua na ndugu aliyemtafutia mtoto ile kazi, na Charles akaachishwa. Mama akaenda kusuluhisha, akarudi na ruhusa kwamba mtoto aendelee kesho yake. Baba akakataa, akasema arudi shule. Dickens aliandika kwamba haandiki kwa kinyongo wala hasira, kisha sentensi hiyo hiyo akaimaliza kwa kusema kwamba hakusahau baadaye, hatasahau kamwe, hawezi kusahau kwamba mama alitaka arudishwe.

Baada ya hapo, kimya. Akiwa mwandishi maarufu alikuwa bado anavuka barabara kukwepa harufu ya lakiri iliyotumika kuzibia chupa za dawa ya viatu. Njia ya zamani ya kupitia Borough ilimliza hata baada ya mwanawe wa kwanza kuanza kuongea. Hakuna aliyejua sababu. Siku moja mwaka 1847 rafiki yake John Forster akamuuliza bila kukusudia: mzee mmoja, Dilke, anakumbuka kumwona zamani akifanya kazi mahali karibu na Strand, akampa nusu krauni, na mtoto akainama sana kushukuru, ni kweli? Dickens akanyamaza dakika kadhaa. Baadaye akampa Forster karatasi alizoanza kuandika habari za maisha yake, na humo ndimo yalimo haya niliyoyasimulia.

Karatasi zile hakuzimalizia. Badala yake Mei 1849 likatoka toleo la kwanza la David Copperfield, hadithi inayosimuliwa na mhusika mwenyewe kwa "mimi", jambo ambalo Forster ndiye aliyelipendekeza. Forster ndiye pia aliyemwonyesha kuwa herufi za mwanzo za jina la David ni zake mwenyewe zilizogeuzwa, C.D. zikawa D.C. Dickens alishtuka, hakuwa ameliona hilo.

Sura ya 11

Kwa asiyeikumbuka hadithi: David anazaliwa baba yake ameshafariki. Mama yake, Clara, kijana na mpole kupita kiasi, anaolewa na Murdstone, mtu baridi anayeamini mtoto hufunzwa kwa fimbo. Siku anapopigwa David anamng'ata mkono, na adhabu yake ni kupelekwa shule ya mbali ambako anavalishwa mgongoni kibao kisemacho: Jihadharini naye. Anang'ata. Mama anafariki akiwa huko. Murdstone anamtoa shule na kumpeleka ghala la mvinyo London, kuosha chupa na kubandika lebo. Ana miaka kumi.

Dawa ya viatu imekuwa mvinyo, na umri umepunguzwa. Mengine yote ni yale yale: panya, mto, wenzake wanaomwita bwana mdogo, pesa isiyofika Jumamosi. Kuna aya zilizotoka kwenye zile karatasi za siri karibu neno kwa neno. Humo mna mtoto anayeingia baa, kwa kuwa huenda ni siku yake ya kuzaliwa, anaagiza glasi ya bia iliyo bora kuliko zote pale, na kusisitiza povu liwe zuri. Mwenye baa anamwangalia toka juu mpaka chini, anamwita mkewe, wanamuuliza jina, umri, anakaa wapi, anafanya kazi wapi. Anatunga majibu ili asimtaje mtu. Wanampa bia, nadhani si ile kali, mama mwenye baa anamrudishia pesa yake na kumbusu. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Wale watu wawili waligundua kwa dakika tano kilichowashinda wazazi wa Charles kukiona kwa miezi.

Naomba niishie hapa kwanza niwasikie.

----------

Mdau: Mkuu uzi umeenda shule. Ila mbona hujamtaja Micawber? Bila yeye kitabu hakina ladha.

Mdau mwingine: Nakaa mkao wa kula. Nina swali: ni kweli zilikuwa zinatoka kidogo kidogo kama simulizi za humu za "itaendelea"?

Mtoa uzi: Ni kweli ndugu. Ilitoka kila mwezi kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850, kijitabu cha kurasa 32 na picha mbili za mchoraji Hablot Browne, bei shilingi moja, na cha mwisho kikawa mara mbili. Dickens alikuwa anaandika huku wasomaji wanasoma, hivyo hadithi iliweza kuguswa na watu wa nje. Mfano ni Miss Mowcher, yule mwanamke mfupi sana anayewatengeneza nywele matajiri. Alipotokea mara ya kwanza, jirani wa Dickens mwenye maumbile kama hayo, Bi Jane Seymour Hill, akajitambua, akaumia sana, akaandika kulalamika na wakili akaingia kati. Dickens alikuwa amepanga kumfanya mbaya. Akambadilisha, na kuanzia sura ya 32 Miss Mowcher ni mtu mwema mwenye uchungu wake. Ukisoma unaona kabisa mahali hadithi ilipopinda.

Sasa Micawber. Huyu ndiye John Dickens. David anapangishiwa chumba kwake, na wanaomdai wanagonga mlango toka alfajiri. Asubuhi Micawber analia kwamba amekwisha, nusu saa baadaye anang'arisha viatu na kutoka akiimba, kwa sababu anaamini kuna jambo litatokea tu. Anafungwa. David anapomtembelea jela anapewa usia: mtu mwenye mapato ya pauni 20 kwa mwaka akitumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6 (enzi hizo pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi ikawa peni 12), atakuwa na furaha, akizidisha hata shilingi moja juu ya pauni hizo 20 ataangamia. Baada ya usia anakopa shilingi moja kwa mtoto huyo huyo, ya kununulia bia. Usia huo si wa kubuni. John Dickens aliutoa Marshalsea, mwanawe amekaa mbele yake, kwenye moto wa makaa uliowekewa matofali mawili ili mkaa usiishe haraka.

Na msidhani yaliishia 1824. Mtoto alipokuwa maarufu, baba alianza kuwaandikia wachapishaji wake kuomba pesa. Mwaka 1839 Charles aliwapangishia wazazi nyumba Devon wawe mbali na London. Mwaka 1841 ilibidi atangaze magazetini kwamba hatalipa deni lolote ila lake na la mkewe. Kwa hiyo alipokaa kumwandika Micawber alikuwa na kila sababu ya kumwandika kwa chuki. Angalia alichofanya badala yake. Micawber ndiye anayemuumbua Uriah Heep, karani mnafiki anayemwibia bosi wake, anamsomea hesabu za wizi wake mbele ya watu kwa ile ile lugha ndefu ya kujivuna iliyokuwa inachekwa toka mwanzo. Kisha anahamia Australia, anakuwa hakimu, na tunaambiwa amelipa madeni yote aliyoyaacha Uingereza. John Dickens hakuwahi kufika hapo. Mwanawe alimlipia ndani ya kitabu. Baba alikuwa hai wakati huo, alifariki Machi 1851, miezi michache baada ya toleo la mwisho.

----------

Mdau: Umesema baba alisamehewa, mama hakusamehewa. Mimi kama mama naona hapo Dickens hakutenda haki. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma nyumbani. Mume yuko jela, watoto wana njaa, shilingi 6 ni shilingi 6. Angekuwa mwanaume ndiye kasema mtoto arudi kazini tungemwita mwajibikaji.

Mtoa uzi: Dada, umenena, na ninaongeza kitu kinachokuunga mkono. Elizabeth Dickens hakukaa tu. Kabla mumewe hajafungwa alipangisha nyumba Gower Street, akaweka kibao cha shaba mlangoni kutangaza shule yake. Charles alizungushwa mitaani kugawa matangazo. Hakuja mwanafunzi hata mmoja. Sasa fungua riwaya: mlangoni kwa Micawber kuna kibao cha shaba cha shule ya wasichana ya Mrs Micawber, na David anasema hakuwahi kuona msichana yeyote akija.

Kwa hiyo mama yumo mara mbili. Yumo kwa Mrs Micawber, mwenye mapacha mikononi, anayeapa kwamba hatamwacha mumewe kamwe, na huyo kaandikwa kwa upendo. Yumo pia, naamini, kwa Clara, mama mzuri anayempenda mwanawe lakini fimbo inapoinuliwa hasimami katikati. Huyu wa pili anakufa mapema, kabla ya ghala. Dickens hakuweza kuandika mama aliye hai ambaye anajua mtoto yuko ghalani na anataka abaki. Ilibidi kwanza afe, kazi hiyo chafu aachiwe baba wa kambo. Mwandishi jasiri kama yule, aliyeweza kuandika jela na njaa, hapo kalamu ilikataa. Ndiyo maana nikasema kwa mama pakawa pagumu. Mama halisi aliishi mpaka 1863.

Mdau: Na Agnes je, mke wa pili wa David? Kwangu ndiye udhaifu mkubwa wa kitabu. Malaika mwanzo mwisho, hana hasira hata siku moja. Na huyo huyo mtunzi mwaka 1858 akamwacha mkewe Catherine baada ya watoto kumi, akatangaza magazetini.

Mtoa uzi: Sina cha kukupinga. Agnes ni baridi, na tendo la 1858 ni doa. Dora, mke wa kwanza wa David, ana uhai zaidi, pengine kwa sababu ana asili: Maria Beadnell, binti wa familia ya benki ambaye Dickens alimpenda ujanani bila mafanikio. Lakini mwanamke wa kukumbukwa humu ni Betsey Trotwood, shangazi wa marehemu baba yake David.

David anatoroka ghalani kwenda kwake Dover. Kwanza anaporwa sanduku na pesa. Anatembea siku sita, analala nje, anauza kizibao kwa peni 9, anauza koti Chatham kwa mzee anayemzungusha kutwa nzima na kumpa shilingi moja na peni 4. Na Chatham, kumbukeni, ndiko mtunzi alikokuwa na furaha. Anafika ameungua jua, nguo zimechanika, Betsey anamfukuza akidhani ni mvamizi wa bustani. Akijitambulisha, Betsey anakaa chini pale pale njiani kwa mshtuko. Kisha anamuuliza Mr Dick, ambaye wengine wanamwona punguani, amfanye nini mtoto huyu. Mr Dick anafikiri, halafu anasema: mwogeshe! Ushauri bora kuliko wowote katika kitabu hiki unatoka kwake. Murdstone anapokuja kumdai mtoto, Betsey anafanya kile ambacho Clara hakukifanya, anasimama katikati. Haya ndiyo makazi ambayo Charles wa mwaka 1824 hakuyapata, hakukuwa na shangazi Dover.

Mdau: Watoto wake Dickens walijua lini?

Mtoa uzi: Baada ya kifo chake. Krismasi ya 1869 familia ilikuwa inacheza mchezo wa kukumbuka maneno, kila mtu anarudia yaliyotajwa na kuongeza lake. Zamu ya baba ilipofika akataja jina la Warren's na anwani yake ya Strand. Mwanawe Henry alikumbuka kwamba sauti na macho yake vilikuwa tofauti, na hakuna aliyeelewa. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akazikwa Westminster Abbey. Forster alipotoa juzuu ya kwanza ya maisha yake, mwaka na ushee baadaye, ndipo watoto wakasoma pamoja na Uingereza nzima.

Kwa wanaouliza waanzie wapi: kitabu hakina tena haki miliki, kinapatikana bure mtandaoni. Chukueni toleo kamili, yaliyofupishwa hukimbilia Heep na dhoruba ya Yarmouth na kupunguza ghala na safari ya Dover. Mkichoka na mapenzi ya Dora katikati, vumilieni hadi sura ya 52, Micawber anapofungua barua yake. Mkimaliza nendeni Great Expectations ya 1860 na 1861. Kabla ya kuianza Dickens alirudia kusoma David Copperfield ili asijirudie, na safari hii mtoto anayeona aibu ndiye anayehukumiwa kwa aibu yake. Huo tutaufungulia uzi wake.